Chemchemi Moja, Mikondo Miwili: Historia ya Ruwaza za Kanuni na Utafutaji wa Maneno ya Kiswahili katika Hifadhidata

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ruwaza za kanuni, yaani fomula fupi za alama zinazoieleza kompyuta umbo la maneno yanayotafutwa, tangu zilipobuniwa katika mantiki ya hisabati mwaka 1951 hadi zilipoingia katika hifadhidata za leo. Hoja kuu ni kwamba nadharia hiyo moja ilizaa mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ulipitia vihariri vya matini ukaishia katika hifadhidata za kibiashara, ambako ulipunguzwa na kufungamanishwa na faharasa zinazoanzia herufi ya kwanza ya neno. Mkondo wa pili ulipitia isimu ya kompyuta ukaifikia mofolojia ya Kiswahili. Taasisi zetu zimerithi mkondo wa kwanza, ilhali mahitaji yetu yamo katika wa pili. Makala yanaonesha athari za urithi huo kwa lugha ambishi inayotanguliza viambishi, na yanapendekeza hatua ambazo mamlaka za kumbukumbu, mahakama na maktaba katika kanda zinaweza kuzichukua.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mabadiliko ya namna hiyo huibua maswali ya istilahi, ya tafsiri na ya mafunzo, nayo yamezoeleka katika makongamano yetu. Liko swali jingine lisilosikika sana: hukumu zikishaandikwa kwa Kiswahili na kuhifadhiwa katika hifadhidata, zitatafutwaje?

Swali hili huonekana jepesi mpaka mtu anapoketi mbele ya kisanduku cha kutafutia. Wakili anayetaka hukumu zote zinazogusa suala la mtu kushtakiwa aandike nini? Akiandika "mshtakiwa", kompyuta itamletea kurasa zenye umbo hilo na kuziacha zenye "washtakiwa", "alishtakiwa", "waliomshtaki", "mashtaka" na "kushtakiana". Hata neno lilelile litampotea pale karani alipoandika "mshitakiwa", maana maumbo yote mawili yanatumika. Kwa msemaji wa Kiswahili hayo yote ni matawi ya shina moja. Kwa mashine ni mifuatano ya herufi isiyo na udugu wowote.

Kosa la aina hii lina hatari yake kwa sababu halijitangazi. Mashine haisemi kwamba imeshindwa; husema kwamba hakuna kumbukumbu iliyopatikana. Wakili huamini kwamba hukumu ya kurejelea haipo, mtafiti huandika kwamba suala halikujadiliwa, na mshauri wa sera huieleza serikali kwamba hakuna data. Ukimya wa mashine hugeuka kuwa ushahidi.

Wanaleksikografia walikwishakutana na tatizo hili katika kamusi za kuchapishwa. Anayetaka maana ya "walioshtakiwa" hatafuti kwenye herufi W. Huvua viambishi kichwani mwake akaenda kwenye SH, "shtaki". Mpangilio wa kamusi ulitegemea maarifa ya msomaji. Hifadhidata ilipokuja iliyachukua maneno lakini ikayaacha maarifa. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na kwa nini halikuwa la lazima.

Istilahi "ruwaza za kanuni" inatumika hapa kwa dhana ambayo watunga programu huiita kwa kifupi rejeksi.

2.0 Chemchemi: Hesabu ya Kleene

Asili ya ruwaza za kanuni haiko katika lugha wala katika kompyuta, bali katika uchunguzi wa ubongo. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts walichapisha makala yaliyoichukulia seli ya neva kama swichi ya kimantiki: ama inawaka, ama haiwaki. Mwanahisabati Stephen Kleene aliyasoma makala hayo alipokuwa katika shirika la utafiti la RAND, Marekani, kiangazi cha mwaka 1951. Alijiuliza: mtandao wa seli kama hizo, wenye idadi ya hali isiyozidi kikomo fulani, unaweza kutambua mifuatano gani ya matukio? Ripoti yake ya mwaka huo ilichapishwa mwaka 1956 katika kitabu kilichohaririwa na Claude Shannon na John McCarthy.

Jibu la Kleene lilikuwa fupi. Mtandao huo unaweza kutambua kila kinachojengwa kwa kuchagua, kuunganisha na kurudia, na hauwezi kutambua kingine chochote. Kuchagua huandikwa siku hizi kwa mstari wima: (m|wa) maana yake ni "m" au "wa". Kuunganisha ni kuweka kimoja baada ya kingine: (m|wa)toto hukubali "mtoto" na "watoto". Kurudia huandikwa kwa kinyota ambacho hadi leo kina jina la Kleene: (ha)* hukubali "ha", "haha", "hahaha" na kuendelea, pamoja na utupu wenyewe. Matukio yanayojengwa hivyo aliyaita ya kanuni, ingawa jina hilo halikumridhisha. Katika makala yaleyale alikaribisha pendekezo la jina linaloeleza zaidi. Halikupatikana, na jina la muda likawa la kudumu.

Mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott walionesha kwamba mashine inayoruhusiwa kufuata njia kadhaa kwa pamoja haina uwezo zaidi ya ile inayofuata njia moja tu. Tokeo hilo lilifungua mlango wa matumizi: mtu angeweza kuandika ruwaza kwa urahisi wa kibinadamu, kisha mashine ikaigeuza kuwa hatua zake yenyewe.

Katika miaka hiyohiyo Noam Chomsky, kwa maandishi yake ya mwaka 1956 na 1957, alionesha kwamba mashine zenye hali za kikomo haziwezi kueleza sintaksia ya Kiingereza. Hoja yake ilikuwa sahihi kuhusu sentensi. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliwafanya wanaisimu wengi waipe kisogo nadharia ya Kleene yote, kana kwamba kushindwa kwake katika sentensi kulikuwa kushindwa katika neno pia. Hapo ndipo mikondo miwili ilipoanza kuachana. Wahandisi waliichukua nadharia bila isimu. Wanaisimu waliendelea na isimu bila nadharia hiyo.

3.0 Mkondo wa Kwanza: Kutoka Kihariri hadi Lugha za Programu

Mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kuigeuza ruwaza ya kanuni kuwa programu ya kompyuta ya IBM 7094. Njia hiyo husoma kila herufi ya matini mara moja tu, huku ikibeba pamoja njia zote ambazo bado zinawezekana. Thompson aliiingiza katika kihariri cha QED, kisha katika kihariri cha mfumo wa Unix katika maabara za Bell.

Tukio lililofuata lina maana maalumu kwa watafiti wa lugha. Kwa maelezo ya Brian Kernighan, mmoja wa waliokuwapo, mwenzao Lee McMahon alikuwa akichunguza makala 85 za kisiasa za Marekani za mwaka 1787 na 1788, zilizoandikwa na Hamilton, Madison na Jay kwa jina moja la kubuni, ili kujua nani aliandika ipi. Matini ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa kihariri. Thompson akaitoa sehemu ya kutafuta ruwaza ndani ya kihariri na kuifanya programu inayojitegemea. Programu hiyo, grep, ilionekana katika toleo la nne la Unix mwaka 1973. Yaani chombo ambacho leo tunakihesabu kuwa cha wahandisi kilizaliwa kwa swali la mtindo na uandishi, swali la kifilolojia kabisa.

Kutoka hapo mkondo ulipanuka. Alfred Aho aliandika egrep, iliyotoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Mwaka 1986 Henry Spencer aliandika maktaba ya ruwaza na kuitoa bure, na wengi wakaijenga ndani ya programu zao. Mwaka 1987 Larry Wall alitoa lugha ya programu ya Perl. Wall alikuwa amesomea isimu pamoja na mkewe, wakikusudia kwenda kuitungia maandishi lugha isiyoandikwa, pengine barani Afrika, afya haikuruhusu. Mwaka 1997 Philip Hazel wa Cambridge alitoa maktaba ya PCRE, iliyowapa watunga programu wengine ruwaza za mtindo wa Perl.

Perl iliongeza nguvu na hatari kwa pamoja. Badala ya kubeba njia zote mara moja kama Thompson, hujaribu njia moja, ikigonga mwamba hurudi nyuma na kujaribu nyingine. Faida yake ni kwamba inaweza kukumbuka ilichokwishakipata. Ruwaza ^(.+)\1$ maana yake ni "kipande chochote, kisha kipande kilekile tena". Kwa Kiswahili ruwaza hiyo moja huleta "polepole", "harakaharaka", "pigapiga" na "vilevile", yaani uradidi mzima, bila orodha ya maneno. Jambo hilo liko nje ya mipaka aliyoichora Kleene, kwa kuwa mashine yenye hali za kikomo haiwezi kukumbuka kipande cha urefu wowote. Gharama yake inajadiliwa katika sehemu ya 6.0.

4.0 Hifadhidata na Utawala wa Herufi ya Kwanza

Wakati Thompson akiandika grep, historia nyingine ilikuwa ikiendelea ndani ya IBM. Mwaka 1970 Edgar Codd alipendekeza data ihifadhiwe katika majedwali yanayofuata mantiki ya seti. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo baadaye iliitwa SQL na kusanifiwa mwaka 1986. Katika usanifu huo ruwaza za Kleene hazikuingia. Kilichoingia ni amri ndogo ya LIKE yenye alama mbili tu: asilimia (%), inayosimamia mfuatano wowote, na mstari wa chini (_), unaosimamia herufi moja. Hakuna kuchagua, hakuna kurudia kipande.

Upungufu huo ulikuwa na sababu. Kasi ya hifadhidata hutegemea faharasa, na faharasa iliyotawala ni ya mti wa B, iliyobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika kampuni ya Boeing. Mti huo hupanga maneno kwa mfuatano wa herufi kuanzia ya kwanza, kama kitabu cha namba za simu. Ukijua neno linavyoanza, unafika mara moja. Usipojua, mti haukusaidii, na mashine inalazimika kusoma kila safu mlalo ya jedwali.

Tulinganishe. Anayetafuta habari za kusoma kwa Kiingereza huandika LIKE 'stud%' na kupata kitenzi hicho katika nyakati zake zote, pamoja na nomino zake nyingi. Mzizi uko mwanzoni, mabadiliko yako mwishoni, na mti wa B unafanya kazi yake. Anayetafuta habari za kushtaki kwa Kiswahili lazima aandike LIKE '%shtak%', kisha aongeze '%shitak%' kwa ajili ya tahajia ya pili. Asilimia iliyotangulia ndiyo inayoua faharasa. Katika jedwali dogo hasara ni sekunde; katika mkusanyiko wa mamilioni ya kurasa, msimamizi wa mfumo huamua kuzuia utafutaji wa aina hiyo kabisa. Kwa hiyo lugha mbili zinazotumia chombo kimoja hazipati huduma moja.

Hakuna aliyekusudia kukibagua Kiswahili. Wabunifu walitatua matatizo yaliyokuwa mezani kwao, na lugha iliyokuwa mezani hubeba mabadiliko yake mwishoni mwa neno. Mwelekeo huo unaonekana pia katika tawi la jirani. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha njia ya kupunguza maneno ya Kiingereza kwa kukata viambishi tamati, na njia hiyo ikawa mfano wa kuigwa. Hifadhidata huria ya PostgreSQL ilipoingiza utafutaji wa matini ndani ya kiini chake katika toleo la 8.3 la mwaka 2008, orodha ya lugha zenye vikata-viambishi ilikuwa na Kiingereza, Kifaransa, Kirusi, Kifini na Kituruki, miongoni mwa nyingine. Kiswahili hakikuwamo, wala lugha nyingine yoyote ya Kibantu.

Ruwaza kamili zilirejea katika hifadhidata hatua kwa hatua. PostgreSQL na MySQL zilitumia kazi ya Spencer. Oracle iliongeza ruwaza katika toleo lake la 10g. Usanifu wa SQL wenyewe ulizitambua kikamilifu mwaka 2008. Sasa wakili wetu anaweza kuandika shi?tak, ambapo alama ya kuuliza husema kwamba herufi iliyotangulia yaweza kuwapo au kukosekana, na kupata tahajia zote mbili kwa ombi moja. Lakini faharasa ilibaki ileile.

Ufumbuzi wa sehemu ulikuja kwa kuvunja kila neno katika vipande vya herufi tatutatu. "Shtaka" hutoa sht, hta, tak na aka, na faharasa hupanga vipande badala ya mianzo. Google ilitumia mbinu hiyo katika huduma yake ya kutafuta ndani ya programu, iliyoanza mwaka 2006. PostgreSQL iliiwezesha kwa LIKE katika toleo la 9.1 mwaka 2011, na kwa ruwaza za kanuni katika toleo la 9.3 mwaka 2013. Kwa lugha ambishi hii ni hatua kubwa, kwa kuwa kipande cha katikati ya neno kina hadhi sawa na cha mwanzo. Inapatikana bila malipo, lakini haiwashwi yenyewe: lazima msimamizi ajue kwamba ipo na kwa nini inahitajika.

5.0 Mkondo wa Pili: Kutoka Helsinki hadi Mofolojia ya Kiswahili

Turudi kwenye njia panda ya mwaka 1957. Miaka 15 baada ya wanaisimu kuiacha nadharia ya Kleene, Douglas Johnson alionesha mwaka 1972 kwamba kanuni za kifonolojia, kama zinavyotumiwa na wanaisimu, zinaweza kuelezwa na mashine zenye hali za kikomo. Ugunduzi wake haukusikika sana. Ronald Kaplan na Martin Kay waliufikia tena wenyewe wakiwa Xerox, Palo Alto. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa tasnifu iliyoeleza mofolojia kwa ngazi mbili: ngazi ya mofimu na ngazi ya umbo linaloonekana, zikiunganishwa na mashine zinazosoma pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mfano wake mkuu ulikuwa Kifini, lugha yenye viambishi vingi ambayo kwayo orodha ya maumbo yote ya maneno haiandikiki.

Kutoka Kifini hadi Kiswahili umbali haukuwa mrefu kama ramani inavyoonesha. Arvi Hurskainen, wa chuo kikuu hichohicho, alichapisha mwaka 1992, katika juzuu ya kwanza ya jarida la Nordic Journal of African Studies, maelezo ya kichanganuzi cha ngazi mbili cha mofolojia ya Kibantu kilichotumiwa kwa Kiswahili. Kichanganuzi hicho kikipewa "waliomshtaki" hakihesabu herufi. Hutoa kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha urejeshi, cha mtendwa, kisha shina. Kikipewa "vifo" hurudisha "kifo".

Jambo la mwisho ni la msingi kuliko linavyoonekana. Ruwaza ya herufi inafaa kwa "shtaki" kwa sababu mzizi ni mrefu na wa pekee. Kwa kitenzi "fa" haina msaada. "Alikufa", "kifo", "vifo", "wafu" na "waliofiwa" vinashirikiana konsonanti moja tu, na anayetafuta f peke yake ataletewa faida, foleni na fedha. Vipande vya herufi tatu navyo havina cha kushika. Vitenzi vya silabi moja, kama la, fa, pa na nywa, ni miongoni mwa vinavyotumika sana katika lugha. Kwa mtafiti wa afya ya umma anayetaka taarifa za vifo, tofauti kati ya ruwaza ya herufi na uchanganuzi wa mofimu ni tofauti kati ya kupata na kukosa.

Kazi ya Helsinki ilizaa pia Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili la mwaka 2016 lina takriban maneno milioni 25. Humo kila neno limeambatishwa kidahizo chake na maelezo ya kisarufi. Mtafutaji anaweza kuomba maneno yote ambayo kidahizo chake ni "shtaki", kisha akaongeza ruwaza ya kanuni juu ya umbo, kwa mfano yale tu yanayoanza na "wa". Hapo mikondo miwili inakutana tena: ruwaza inafanya kazi juu ya maarifa ya lugha badala ya kufanya kazi juu ya herufi tupu.

Kwa hiyo si kweli kwamba Kiswahili ni kigumu kwa kompyuta, wala kwamba nadharia ya Kleene haikifai. Kichanganuzi cha Helsinki kimejengwa kwa nadharia hiyohiyo. Kilichotukosesha huduma ni mkondo tuliojikuta ndani yake.

6.0 Mipaka ya Chombo

Uaminifu wa kitaaluma unadai mipaka itajwe, hasa mbele ya washauri wa sera, ambao huuziwa programu kwa ahadi nyingi.

Mpaka wa kwanza ni utata wa lugha yenyewe. Umbo "alitukana" lina uchanganuzi wa aina mbili: a-li-tukan-a, yaani alitoa matusi, na a-li-tu-kan-a, yaani alikataa kwamba anatujua. Herufi ni zilezile. Katika kumbukumbu za mahakama, maana moja yaweza kuwa kosa na nyingine ikawa utetezi. Ruwaza italeta zote mbili bila kujua tofauti, na kichanganuzi kitatoa majibu mawili. Anayeamua ni muktadha, na hatimaye binadamu. Hifadhidata njema ni ile inayomwonesha mtafutaji utata huo badala ya kuuficha.

Mpaka wa pili ni gharama. Njia ya kurudi nyuma iliyoenezwa na Perl, ikikutana na ruwaza iliyoandikwa vibaya, yaweza kujaribu njia nyingi kupita kiasi kwa matini fupi tu. Tarehe 2 Julai 2019 ruwaza moja ya aina hiyo iliyotiwa katika mfumo wa ulinzi wa kampuni ya Cloudflare ilimaliza nguvu za seva zake kote duniani, na tovuti nyingi zikawa hazifikiki kwa takriban nusu saa. Hivyo ni busara taasisi isiuachie umma uandike ruwaza yoyote moja kwa moja ndani ya hifadhidata yake, au itumie mashine ya ruwaza inayofuata njia ya Thompson.

Mpaka wa tatu ni mdogo kwa umbo na mkubwa kwa madhara: alama ya ritifaa katika ng'. Mashine nyingi za ruwaza huhesabu ritifaa kuwa nje ya neno. Kwao "ng'ombe" ni maneno mawili, "ng" na "ombe". Zaidi ya hayo, programu za uandishi huibadili ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Mwenye kutafuta "ng'ombe" kwa alama moja hataona kumbukumbu zilizoandikwa kwa nyingine. Wizara inayokusanya taarifa za mifugo inaweza kupoteza sehemu ya ng'ombe wake kwa sababu ya alama hiyo peke yake.

7.0 Athari za Kisera kwa Kanda

Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na mwezi Julai mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Kila hatua ya namna hiyo huzaa nyaraka, na kila nyaraka hatimaye huingia katika hifadhidata. Tukiendelea na vyombo tulivyorithi, tutakuwa na lugha inayoandikwa rasmi lakini isiyopatikana rasmi.

Suala hili halikihusu Kiswahili peke yake. Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda navyo hutanguliza viambishi vya ngeli na vya nafsi mbele ya mzizi. "Abantu" ya majirani zetu iko mbali na "umuntu" na "omuntu" katika mti wa B kama "watu" ilivyo mbali na "mtu". Uwekezaji wa kanda katika njia ya kutafuta inayozijua lugha za Kibantu utawafaa raia wa nchi kadhaa kwa pamoja, wakiwamo wasiotumia Kiswahili nyumbani.

Kutokana na historia iliyoelezwa, hatua nne zinafaa kuzingatiwa. Ya kwanza ni ya bei nafuu: kila hifadhidata ya umma inayotunza matini ya Kiswahili iwashiwe faharasa ya vipande vya herufi, na msimamizi wake afundishwe kuandika ruwaza kama shi?tak. Ya pili ni usanifishaji: ritifaa ya ng' iwe na alama moja inayokubalika katika nyaraka rasmi, na mifumo ibadilishe alama nyingine kuwa hiyo kabla ya kuhifadhi. Mabaraza ya lugha yamezoea kusanifisha tahajia ya karatasini; tahajia ya ndani ya mashine nayo ni kazi yao. Ya tatu ni kuongeza katika majedwali safu ya kidahizo, inayojazwa na kichanganuzi cha mofolojia wakati waraka unapoingia, ili utafutaji wa "shtaki" au "fa" ufanyike juu ya safu hiyo. Faharasa ya mti wa B, iliyotutesa ilipokuwa juu ya maumbo, itafanya kazi vizuri kabisa juu ya vidahizo, kwa kuwa kidahizo huanza pale mzizi unapoanza.

Ya nne inahusu manunuzi. Zabuni za mifumo ya kumbukumbu, maktaba na mahakama hutaja ukubwa wa seva na usalama wa data. Ziongezwe kipimo cha lugha: mzabuni aoneshe kwamba mfumo wake, ukiulizwa neno moja la Kiswahili, huleta maumbo yake kutoka orodha iliyoandaliwa na wanaisimu. Kipimo kama hicho hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji mwanaisimu awepo chumbani wakati zabuni inaandikwa, siyo baada ya mfumo kukabidhiwa.

8.0 Hitimisho

Historia ya ruwaza za kanuni mara nyingi husimuliwa kama safari iliyonyooka kutoka kwa Kleene hadi katika kompyuta za leo. Makala haya yameonesha kwamba safari hiyo iligawanyika, na kwamba mgawanyiko huo ulitokana na maamuzi ya watu waliokuwa na lugha fulani akilini na vifaa fulani mkononi. Alama ya asilimia katika amri ya LIKE, mti unaopanga maneno kwa herufi ya kwanza na njia inayokata viambishi vya mwisho vilifaa pale vilipobuniwa.

Kwetu mzizi hauko mlangoni mwa neno. Umekaa ndani, baada ya nafsi, wakati na mtendwa. Anayeufahamu muundo huo huufikia bila shida, na vyombo vya kuufundisha kwa mashine vimekuwapo tangu mwaka 1992. Kilichobaki ni kuvitoa katika maabara na kongoo za watafiti na kuviingiza katika kabati za serikali, ili mwananchi anayetafuta hukumu inayomhusu asiambiwe kwamba haipo ilhali imo, imeandikwa kwa lugha yake mwenyewe, umbo moja tu kando ya lile aliloliuliza.